Kiongozi ni Fundi

Hotuba hii ilitolewa Kisumu mbele ya manahodha, makocha na mameneja wa timu za vijana kutoka kando ya ziwa, Nandi, Kakamega na Nakuru. Tumeiweka nzima kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika.

Oyawore! Mulembe! Chamgei!

Asanteni. Nimesikia mwitikio mkubwa kutoka nyuma na mdogo kutoka mbele. Mbele ndiko walikoketi makocha, sivyo?

Wazee wetu, makocha, mameneja, nanyi manahodha mlioamka alfajiri kuwahi matatu: karibuni. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Leo ukumbi mzima ni manahodha na chombo bado kimetulia. Labda ni kwa sababu chai haijaletwa.

Nimeombwa niseme juu ya uongozi, safari, michezo na ile hamu ya kuunda kitu kwa mikono. Mtu akiyatazama haraka ataona mambo manne. Mimi naona moja. Kiongozi wa timu ni fundi. Fundi hutengeneza kiti akakikalia mwingine. Nahodha hutengeneza kasi, mwenzake akaishindia. Meneja hutengeneza safari, wachezaji wakafika na miguu mizima. Kocha asiye na pesa hutengeneza mkuki wa mwanzi, mtoto akajifunza kurusha.

Je, kasi nayo hutengenezwa? Wangapi hapa wamewahi kufikiri hivyo? Naona mikono miwili. Basi tuanze na kasi.

Twendeni Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, fainali ya Olimpiki ya mita 1,500. Jiji lile liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo kuliko Eldoret. Kwenye mstari yuko Kipchoge Keino wa Nandi. Anasumbuliwa na nyongo. Siku chache kabla alikuwa ameanguka katika mbio za mita 10,000, na bado akaenda kuchukua fedha katika mita 5,000. Yuko Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia, mtu aliyeogopwa kwa namna alivyokuwa akimaliza. Na yuko kijana kutoka Mlima Elgon, Ben Jipcho.

Bunduki ikalia. Jipcho akatoka kama anayefukuzwa na nyuki. Mzunguko wa kwanza, sekunde 56. Keino akaipokea kasi ile, akapita mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 55. Ryun akabaki nyuma akingoja waliomtangulia wachoke. Hawakuchoka. Keino akamaliza kwa 3:34.91, Ryun karibu sekunde tatu nyuma yake, na kwa mwendo ule sekunde tatu ni kama mita 20. Jipcho je? Wa kumi.

Ukisoma karatasi ya matokeo peke yake utasema Jipcho alijiharibia. Sivyo hata kidogo. Alitengeneza mbio ambazo silaha ya Ryun haikuwa na kazi ndani yake. Mtu wa kumaliza kwa kishindo huhitaji mwanzo wa taratibu ili afike mita 300 za mwisho akiwa na akiba. Mahali pa juu, penye hewa nyepesi, akiba ikishatumika hairudi. Jipcho aliimwaga akiba ya kila mtu mapema, akijua ni Keino tu, mtu wa milima, atakayeweza kuishi bila hiyo.

Kuna jambo ambalo wasimulizi hulisahau. Jipcho hakubaki mbeba mizigo wa wenzake. Munich 1972 alichukua fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, nyuma ya Keino yuleyule. Mwaka 1973 akavunja rekodi ya dunia ya mbio hizo. Mwaka 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, akarudi na dhahabu mbili. Kwa hiyo nahodha, ukimwomba mwenzako akutengenezee kasi leo, andika kwenye daftari ni lini wewe utamtengenezea yeye. Timu nyingi za vijana huvunjikia hapa. Mtoto mmoja anafanywa punda msimu mzima, mwaka unaofuata haonekani mazoezini, na kocha anauliza amepatwa na nini.

Miaka 51 baada ya Mexico, ufundi ule ulionekana tena Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Walioitengeneza kasi ile walikuwa watu 41, wakipokezana kwa zamu. Kila wakati walikuwa saba pamoja naye: watano mbele wamejipanga kama herufi V, ncha ya V ikiwa karibu na kifua chake na mikono yake imefunguka kwenda mbele, na wawili nyuma. Gari lililowatangulia liliangaza miale ya leza barabarani kuwaonyesha pa kukanyaga. Rekodi haikutambuliwa, kwa sababu wadhibiti kasi hao waliingia na kutoka na vinywaji vililetwa kwa baiskeli. Nadhani ni haki, kwani yale hayakuwa mashindano. Lakini kama somo la kazi ya timu, sijui la kulishinda.

Sasa toeni kalamu. Kasi iliyotakiwa Vienna ilikuwa dakika 2 na sekunde 50 kwa kilomita, yaani sekunde 170. Zidisha kwa kilomita 42.195. Unapata sekunde 7,173, ambazo ni saa 1, dakika 59 na sekunde 33. Mpango mzima ulisimama juu ya hesabu ambayo mtoto wa darasa la saba anaiweza.

Na sisi? Tuseme una kijana anayetaka kumaliza kilomita 5 kwa dakika 20. Hiyo ni dakika 4 kwa kilomita, sekunde 96 kwa mita 400, sekunde 48 kwa mita 200, sekunde 24 kwa kila mita 100. Huna uwanja wa riadha? Chukua kamba ya mita 50 na uzunguke nayo kiwanja cha mpira cha shule. Kiwanja cha mita 100 kwa 60 kina mzunguko wa mita 320. Usijali kwamba si 400. Weka jiwe kubwa kila baada ya mita 100 za kamba, endelea hadi mizunguko mitano itimie, na hapo una mita 1,600 zenye mawe 16. Andika namba kwenye kila jiwe kwa chokaa, maana yatapishana.

Siku ya kwanza mdhibiti kasi, au pesimeka kama wanavyomwita kambini, akimbie peke yake bila saa. Kocha apulize filimbi kila sekunde 24. Filimbi ikilia kabla hajafika kwenye jiwe, amechelewa. Ikilia akiwa amelipita, amewahi. Siku ya pili filimbi ilie kila sekunde 48. Siku ya tatu isilie kabisa. Kocha aandike tu muda, kisha wakae chini waulizane: ulidhani ni ngapi? Akianza kukisia ndani ya sekunde moja kwa kila mita 200, huyo tayari.

Huharibika wapi? Karibu kila mara ni mita 200 za kwanza. Damu imechemka, watu wanapiga kelele, na zinakuja sekunde 44 badala ya 48. Hilo deni la sekunde nne hulipwa katika kilomita ya nne, kwa riba. Dawa yake ni kumwanzisha nyuma ya mwenzake anayejua, ashike usukani baada ya mita 200.

Kosa lingine ni kukimbiza saa badala ya kumkimbiza mtu. Yule wa nyuma amebaki mita sita, na mdhibiti kasi anaendelea kwa sababu saa inamwambia yuko sawa. Sawa na nani? Kubalianeni neno moja fupi. Wa nyuma akisema "shika", wa mbele alegeze kidogo kwa hatua kumi, bila kugeuka kutazama, maana kugeuka kunavunja mwendo. Halafu kuna kona. Anayekimbia kwenye njia ya pili badala ya ya kwanza katika uwanja wa kawaida huongeza karibu mita saba na nusu kila mzunguko. Mizunguko kumi na mbili na nusu ya mita 5,000 ni zaidi ya mita 90. Mmewahi kupoteza mbio kwa mita 90? Mmewahi kuzipoteza kwa mita mbili?

Ndugu zetu Waisukha na Waidakho hawatashangaa. Ngoma yao ya isukuti, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, hupigwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Mwimbaji huongoza, lakini huongoza akiwa ndani ya mapigo. Akiyapita, safu za wachezaji zinagongana. Mnaotoka Kakamega mnacheka kwa sababu mmeshaliona hilo harusini.

Haya, safari. Kuna anayedhani safari ni kazi ya dereva?

Hapa Kisumu tuko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Nakuru ni kama 1,850, Eldoret 2,100, Iten 2,400. Timu ya ziwani ikipanda hadi Iten, kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya saba kuliko nyumbani. Siku ya kwanza mtoto hujisikia sawa tu. Usiku halali vizuri, na siku ya pili na ya tatu miguu inakuwa mizito. Ndiyo maana wanaoijua milima hufanya moja kati ya mawili: wafike jioni, washindane asubuhi, warudi, au wafike wiki mbili kabla. Mameneja wetu wengi huchagua siku tatu kabla, "ili wazoee". Hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote, na pesa za malazi zimeliwa.

Kwa mtu wa Kaptagat, kule milimani, anayeshuka huku kwetu, adui ni joto. Waandaaji, mbio ndefu zianze saa moja asubuhi, si saa nne baada ya mgeni rasmi kufika. Mchana upepo wa ziwa nao unaingia, na mdhibiti kasi wako anaukata peke yake.

Gari. Matatu ya kawaida ni abiria 14. Ndivyo sheria za mwaka 2004 zilivyosema, pamoja na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Wachezaji 18, kocha na meneja ni watu 20. Ishirini haiingii kumi na nne, hata mkiita "sambaza". Mnajua kinachotokea. Winga anakaa juu ya kreti ya maji kutoka Kisumu hadi Nakuru, magoti yako kidevuni, na dakika ya 15 anashika paja na kuketi chini. Halafu tunasema hakupasha misuli moto. Kodini basi dogo, au magari mawili. Simameni Kericho dakika kumi, watu watembee. Chakula kizito cha mwisho kiliwe muda wa saa tatu kabla ya kipenga: ndizi, wali au ugali kiasi, bila maharagwe, bila kabichi, na bila zile chipsi za kituo cha mafuta.

Mfuko wa nahodha ubebe pini nne kwa kila mkimbiaji, kwa sababu namba yenye pini mbili hupepea na kuchanika. Ubebe pampu na sindano mbili za mpira, ya kwanza itavunjika. Kamba za viatu, vaselini ya mapaja na kwapa, filimbi, na nakala za vyeti vya kuzaliwa ndani ya bahasha isiyopitisha maji. Timu hutolewa mashindanoni kwa karatasi iliyoloa mara nyingi kuliko kwa mabao.

Mnasema hayo ni madogo? Kumbukeni Gor Mahia, mwaka 1987. Fainali ya Kombe la Washindi Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia. Mechi ya kwanza ilichezwa Tunis, ugenini, mwisho wa safari ndefu ya anga, na timu ya nahodha Austin Oduor ikatoka sare ya 2-2. Marudiano Kasarani yakaisha 1-1. Jumla 3-3, na kombe likaja Kenya kwa mabao ya ugenini, yaliyopewa uzito zaidi jumla ikiwa sare. Hebu tazameni lilipatikana wapi. Uwanja wa nyumbani ulitoa sare ya bao moja tu. Kombe lilitengenezwa safarini, na watu waliofika Tunis wakiwa bado na nguvu ya kufunga mara mbili. Leo nchi nzima inaikumbuka Kasarani. Aliyepanga vyumba na chakula kule Tunis hakumbukwi, na bila yeye sijui.

Nimefika kwenye hamu ya kuunda, na hapa nitakaa kidogo.

Julius Yego ni kijana wa Nandi. Mahali alipozaliwa kila mtoto anakimbia, yeye akapenda kurusha. Alianza na vijiti vya kujichongea. Kocha wa mkuki hakuwepo, basi akawa anaingia saiba kutazama YouTube, akiwafuatilia Jan Železný wa Cheki na Andreas Thorkildsen wa Norway. Mwaka 2011 akapata dhahabu ya Michezo ya Afrika, Maputo. London 2012 akafika fainali ya Olimpiki. Alipata pia nafasi ya kwenda kufanya mazoezi Ufini, nchi ambako mkuki ni kama mbio kwa Wakalenjin. Na mwaka 2015, Beijing, akarusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia, Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya dunia ya riadha katika mchezo usiokuwa wa mbio. Rio 2016 akaongeza fedha ya Olimpiki.

Watu huisimulia hadithi hii kana kwamba video ilimfundisha. Video haifundishi mtu anayetazama mkono. Wote wenye mikuki hutazama mkono! Punguza mwendo wa video hadi robo, zima sauti, na mara kumi za kwanza tazama mguu wa mbele tu. Kwa anayetumia mkono wa kulia ni mguu wa kushoto. Unatua ukiwa umenyooka na unakataa kukunjika, na mwili unauzunguka kama mlango kwenye bawaba. Mara kumi zinazofuata tazama nyonga. Mkono uje mwisho. Kiwiko kikishuka chini ya bega, mkuki bado utaruka, lakini mishipa ya kiwiko italipa, na ya mtoto wa miaka 14 hulipa haraka.

Mkuki wenyewe je? Wa wanaume ni gramu 800, urefu kati ya mita 2.60 na 2.70, na mahali pa mizani pako kati ya sentimita 90 na 106 kutoka kwenye ncha. Tangu mwaka 1986 mizani ilisogezwa mbele sentimita 4 ili uangukie ncha. Vijana wavulana chini ya miaka 18 hutumia wa gramu 700, wasichana 500. Dukani bei yake inaweza kumaliza bajeti ya muhula. Kwa hiyo tunauunda wa mazoezi.

Tafuta mwanzi ulionyooka, mnene kama milimita 25 hadi 30 upande wa mbele. Kata mita 2.3 ukiacha fundo zima mwishoni, ncha isiingize maji. Ulaze kivulini wiki tatu au nne juu ya mawe matano yaliyo sawa. Ukiuanika juani utapasuka. Ukiuegemeza ukutani utapinda, na mkuki uliopinda hutetemeka hewani hadi mrushaji anadhani kosa ni lake. Ukikauka, upime kwa mizani ya duka. Utakuwa mwepesi. Zungushia waya mwembamba kuanzia sentimita 10 nyuma ya ncha, ukipima kila mara, huku ukiusawazisha juu ya kidole. Unataka utulie kidoleni karibu sentimita 95 kutoka mbele. Ukitulia nyuma zaidi ya hapo, pua itainuka, mkuki utasimama hewani na kuangusha mkia kwanza, na mashindanoni huo haupimwi. Mahali pa mizani zungushia kamba ya manila, upana wa sentimita 15, ukiikaza ikiwa imeloa ili ikikauka ibane. Ncha ifungwe kipande cha tyubu ya baiskeli. Hautachoma ardhi, ila hautamchoma mtu pia.

Kuhusu kuchomana: wote wakae nyuma ya mrushaji. Filimbi moja, rusha. Filimbi mbili, nendeni kuokota, mkitembea. Anayekimbia kuokota mkuki halisi uliosimama ardhini naye huumia. Mwanzo warushe wakiwa wamesimama, shabaha iwe taulo mita 10 mbele. Kisha hatua tatu, kisha tano. Anayetaka mbio ndefu kabla ya hapo mwambie Beijing ilingoja.

Mpira wa miguu sitauchambua, mnaujua. Ila tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, ule mpira wa majuala umeadimika, na sijaona watu wakiulilia kama ningetarajia. Sasa soksi iliyojazwa vitambaa, ikazungushiwa vipande vya tyubu, kisha wavu wa kamba ya katani, hudunda vizuri zaidi. Vifundo viingizwe ndani kwa sindano ya magunia, la sivyo wanaocheza pekupeku watawalaani. Lengeni mzunguko wa sentimita 68 hadi 70. Msiuache nje usiku. Vitambaa vikinywa umande, mpira unakuwa jiwe.

Chai naona inaingia, na harufu ya mandazi imeshanipokonya safu ya nyuma. Miwanzi iliyokaushwa iko chini ya mwarobaini, upande wa lango. Kila timu ichukue mmoja, waya uko kwenye debe la bluu. Mizani tumeazima duka la jirani na inatakiwa irudi kabla ya saa kumi, kwa hiyo anzeni na kupima, manila baadaye. Wadhibiti kasi, kamba ya mita 50 ninayo mimi, na kiwanja kinatungoja.